Naenda Italia wiki sita kusomea Montessori: niombe viza gani?

MUULIZE SOMO

Shikamoo Somo,

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Malindi. Nafundisha PP1 katika shule ya binafsi karibu na barabara ya Lamu, na huu ni mwaka wa sita niko papo hapo. Nimeolewa, mume wangu ana boti ya kutembeza wageni kule Watamu, na Mungu ametujaalia mtoto mmoja aliye gredi ya tatu.

Mwaka juzi mwenye shule alinunua vifaa vya Montessori, ule mfumo wa mtoto kujifunza kwa kushika vitu kwa mikono yake, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga shule yake. Vilikuja ndani ya makasha: ule mnara wa vipande vya mbao vya rangi ya waridi, shanga za kuhesabia, herufi za msasa ambazo mtoto huzipapasa kwa kidole kabla hajajua kuziandika. Hakuna aliyejua kuvitumia sawasawa. Nikawa natazama video usiku, asubuhi najaribu na watoto. Wallahi Somo, niliona watoto wa miaka minne wakikaa nusu saa bila kelele, kila mmoja ameinamia kazi yake. Tangu siku hiyo nina hamu ya kujifunza mambo haya kule yalikoanzia, maana Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907.

Nimepata kozi katika mji mmoja wa katikati ya Italia. Ni ya wiki sita, kuanzia tarehe 9 Novemba hadi 18 Desemba, yaani shule zetu zikiwa zimefungwa. Inafundishwa kwa Kitaliano, na hilo halinipi shida: marehemu baba alikuwa mpishi kwenye hoteli ya Wataliano, nami nimekua nakisikia jikoni. Wameshanikubali na barua wamenitumia. Nusu ya ada analipa mwenye shule, nusu nalipa mimi kutoka kwenye chama chetu, ambapo zamu yangu ya kupokea ni Agosti.

Tatizo ni viza, na kila mtu ana lake la kusema.

Jirani yetu ni mzee wa Kitaliano ambaye amejenga hapa zaidi ya miaka ishirini. Anasema niombe ya utalii tu, nisijitie kwenye makaratasi ya masomo, maana stika ni ile ile. Yeye atanipa barua ya mwaliko. Binti yake anaishi mji huo huo wa kozi na ana chumba kitupu, nitakaa bure. Kazi yangu itakuwa kukaa na watoto wake wawili jioni, kwa kuwa yeye anafanya zamu hospitalini.

Binamu yangu aliyeko Bergamo anasema hapana, niombe ile viza ndefu ya masomo. Anasema nikiipata hiyo nitapewa kibali cha kukaa, kisha "mengine tutayaona huko huko". Mimi sitaki kubaki, Somo. Nina mtoto. Lakini anasema ile ndefu ndiyo salama zaidi.

Wa tatu ni wakala mwenye ofisi mjini. Anataka shilingi 45,000 na kila kitu atafanya yeye. Ameniambia stetimenti yangu ya benki ni dhaifu, kwa hiyo ataniwekea pesa kwenye akaunti siku chache kabla ya kupeleka maombi, halafu atazitoa.

Mume wangu ameniachia niamue. Pasipoti ninayo, itaisha Februari, kwa hiyo hapo niko sawa. Nisaidie, maana Julai inakwisha na mimi bado nazunguka.

Na swali dogo la mwisho: kwenye picha ya viza, ni lazima nivue mtandio?

Mwalimu wa PP1, Malindi

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na jambo ambalo hukuniuliza. Umesema pasipoti itaisha Februari na uko sawa. Hauko sawa. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, na Italia imo, zinataka pasipoti iwe hai kwa muda usiopungua miezi 3 baada ya siku utakayoondoka kwao. Ukiondoka tarehe 21 Desemba, pasipoti inatakiwa ifike angalau 21 Machi. Yako inafia njiani. Wanataka pia iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na kurasa mbili tupu. Kwa hiyo kabla ya jirani, kabla ya binamu na kabla ya huyo wakala, ingia eCitizen ujaze fomu ya kubadilisha pasipoti. Ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 tangu bei zilipopandishwa mwaka 2024, na inakutosha. Kisha panga siku ya kwenda Mombasa kutoa alama za vidole. Usiombe viza kwa pasipoti ya zamani ukitumaini hawatatazama. Ndicho kitu cha kwanza wanachokitazama.

Sasa viza yenyewe.

Unayohitaji ni viza ya muda mfupi, ile inayoitwa aina C, na kwenye fomu mahali panapouliza madhumuni ya safari utie alama kwenye masomo. Basi. Aina C inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na wewe ukifika tarehe 6 Novemba na kuondoka tarehe 21 Desemba utakuwa umekaa siku 46, siku ya kuingia na ya kutoka zote zikihesabiwa. Kozi yako inaingia humo na nafasi inabaki.

Jirani yako, basi, hakukudanganya, ila amekupa nusu ya maneno. Ni kweli kwamba mtalii na mwanafunzi wa wiki sita wote hupewa aina C. Lakini fomu ina orodha ya madhumuni: utalii, biashara, kutembelea jamaa au marafiki, michezo, matibabu, masomo na mengineyo. Ukitia alama kwenye utalii, kila karatasi yako itabidi iseme utalii. Sasa barua ya chuo utaificha wapi? Utamwambia nini afisa akikuuliza mtalii gani anakwenda mji mdogo wa Italia kwa siku 46 mwezi wa Novemba, na mvua zao na baridi yao? Na ukifika uwanja wa ndege Roma, ambapo askari wa mpakani ana haki ya kukuuliza upya hata kama viza unayo, utamwonyesha nini? Njia ya mwongo ni fupi, na hii yako ingeishia kwenye dawati la kwanza.

Nina mtoto wa dada yangu yaliyomkuta hayo hayo. Alialikwa kwenye mafunzo ya mwezi mmoja, akashauriwa aandike utalii "kwa sababu ni rahisi", na kwenye bahasha akaiacha barua ya mafunzo bila kukusudia. Alinyimwa. Ile karatasi ya kunyimwa ina sababu zilizochapwa tayari na wao hutia alama tu, na yake ilitiwa kwenye ile inayosema madhumuni ya safari hayakuthibitishwa. Mafunzo yalikuwa ya kweli, chuo cha kweli, pesa za kweli. Na habari za maombi yake zilibaki kwenye mtambo wao wa viza, ambao huzihifadhi hadi miaka 5, na nchi zote za Schengen huusoma.

Lakini usiitupe barua ya jirani. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wanadhani ni ama mwaliko ama masomo. Barua yake ina kazi yake: inathibitisha pa kulala. Mwombe aiandike upya, au bora binti yake mwenye nyumba aandike, iseme hivi: fulani atakaa kwangu kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii wakati anahudhuria kozi kwenye chuo kadha. Aambatanishe nakala ya kitambulisho chake. Hapo barua ya chuo inasema masomo, barua ya malazi inasema masomo, fomu inasema masomo, nawe ukiulizwa unasema masomo. Aidha mkumbushe binti huyo kwamba sheria ya kwao inamtaka aliyempokea mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya aiarifu polisi ndani ya saa 48. Yeye ataijua, ila watu husahau.

Sisi watu wa Malindi tuna ugonjwa wetu. Tangu miaka ya 1960 Wataliano walipokuja kurusha maroketi yao kutoka baharini kule Ngomeni, tumeishi nao, tumewapikia, tumewajengea, watoto wetu wa ufukweni wanatukana kwa Kitaliano kabla hawajajua kusalimu kwa Kiingereza. Tumewazoea hata tunadhani jirani Mtaliano ni sawa na ubalozi. Mzee huyo hajawahi kuomba viza ya Italia maishani mwake. Atayajulia wapi?

Nije kwenye lile ulilolipitisha haraka haraka kama vile si kitu: watoto wawili wa jioni.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumelelewa hivyo na wala si aibu, mgeni wa kwetu huosha vyombo, hukuna nazi, hubeba mtoto. Lakini jembe hili ni la namna nyingine. Umepewa chumba, na malipo ya chumba ni kulea watoto kila jioni mama yao akiwa zamu. Hata kama shilingi haikupita mkononi, hayo ni mapatano ya kazi, na viza yako haitakuruhusu kufanya kazi. Ikiandikwa kwenye barua ya mwaliko, maombi yanaharibika hapo hapo. Isipoandikwa ukafanya, uko ugenini na siri ambayo mtu mwingine anaishika. Siku mtakapokosana kwa sababu ya sahani iliyovunjika, utajuta.

Tena fikiria mwili wako. Kozi ya namna hii ni ya kutwa nzima. Utakuwa ukikaa darasani, ukitazama watoto wanavyofanya kazi na kuandika unachokiona, na usiku unatengeneza daftari la kila kifaa na namna ya kukiwasilisha. Utalisomea wapi na watoto wawili wanataka chakula na hadithi?

Mwambie binti huyo waziwazi, kwa adabu: nitalipa kitu kidogo cha chumba, na kusaidia nitasaidia kama mtu wa nyumbani, ila jukumu la watoto siliwezi. Akikubali, alhamdulillahi. Akisita, waulize wenye kozi kama wana mahali pa kulaza wanafunzi wao. Vyuo vinavyopokea wageni huwa na orodha ya nyumba. Na ukiwauliza, uliza na hili: je, kozi ina mazoezi ndani ya shule halisi? Kama yamo, barua yao iyataje, iseme ni sehemu ya mafunzo, hayana malipo, na ni saa ngapi kwa wiki. Afisa akisoma "mwalimu" na "shule" kwenye faili moja asije akadhani umeajiriwa.

Binamu wa Bergamo sitamchukulia muda mwingi. Viza anayoitaja ni aina D, ya wanaokaa zaidi ya siku 90. Mwenye hiyo akifika anatakiwa ndani ya siku 8 aombe kibali cha kukaa, kile wanachokiita *permesso di soggiorno*. Kozi ya wiki sita haiwezi kuibeba viza ya siku zaidi ya 90. Utapeleka barua ya siku 40 na kuomba mwaka? Watakurudisha. Kuhusu "mengine tutayaona huko huko", wewe mwenyewe umeniambia hutaki, kwa hiyo sina la kukushawishi, ila mjibu mapema asije akakutafutia kazi kabla hujafika. Na ajue kwamba tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili kwa mtambo, kwa alama za vidole na picha, siku mtu anapoingia na siku anapotoka. Zile hesabu za muhuri uliofifia zinakwisha.

Wakala. Mwanangu, shilingi 45,000 za nini? Fomu utaijaza wewe, vidole utatoa wewe Nairobi, maswali utajibu wewe. Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, kama shilingi 13,500 kwa bei ya euro kuwa karibu shilingi 150, na kituo kinachopokea maombi kitaongeza ada yake ya huduma. Tena kanuni ya viza ya Schengen inawasamehe ada wanafunzi wanaosafiri kwa masomo au mafunzo. Sikuahidi kwamba utaingizwa humo, wewe ni mwalimu uliyeajiriwa, lakini unakwenda kusoma, na kuuliza si kosa. Uliza kwa maandishi kabla ya siku ya miadi.

Ile ya kukujazia benki ndiyo imenikasirisha. Afisa hatazami mwisho wa stetimenti peke yake, anatazama mwendo wake. Mshahara wa mwalimu wa chekechea unaoingia na kutoka miezi yote, halafu ghafla laki tatu zinatua wiki ya maombi: hata mtoto wako wa gredi ya tatu atauliza zimetoka wapi. Na zikitolewa, ukaambiwa ulete stetimenti mpya, utasema nini?

Wewe huna haja ya pesa za kuazima, na hapa nataka ukae tufanye hesabu. Italia ina jedwali lake la mwaka 2000 la pesa ambazo mgeni wa muda mfupi anatakiwa awe nazo. Kwa mtu mmoja anayekaa zaidi ya siku 20, ni euro 206.58 za mkupuo, kisha euro 27.89 kwa kila siku. Kwa siku 46 inakuja karibu euro 1,490, yaani kama shilingi 223,000. Hizo si za kumpa mtu, ni za kuonyesha unazo. Sasa wewe una akiba yako, una mshahara, una zamu ya chama mwezi wa Agosti, na nusu ya ada inalipwa na mwenye shule. Pesa za chama nazo zitatua kwa mkupuo, lakini hizo zina maelezo. Mwombe katibu wa chama barua yenye sahihi na, kama mmesajiliwa, nambari ya usajili: fulani ni mwanachama tangu mwaka kadha, huchangia kiasi kadha kwa mwezi, zamu yake ilikuwa Agosti na alipokea kiasi kadha. Ambatanisha nakala ya kurasa za daftari. Kama michango yako huenda kwa M-Pesa, toa stetimenti ya M-Pesa ya miezi hiyo, inaonyesha kila mwezi jina lile lile na kiasi kile kile. Mkupuo wenye historia haumtishi mtu. Na kama zamu yako na akiba hazifiki kiasi hicho, mume wako anaweza kuandika barua ya kukugharamia, pamoja na stetimenti yake, leseni ya boti, na cheti chenu cha ndoa cha Kadhi. Wenye boti wa Watamu wengi hupokea fedha taslimu. Kama yeye ni mmoja wao, aanze leo kupitisha pesa zake benki, miezi hii miwili mitatu itaonekana.

Barua moja inaweza kukushindia viza hii, na ni ya mwenye shule. Usikubali akuandikie mistari miwili ya "anafanya kazi kwetu". Aseme unafundisha darasa gani na tangu lini, mshahara wako, kwamba shule inalipa nusu ya ada ya kozi na kwa nini, kwamba vifaa vimeshanunuliwa na vinasubiri mtu wa kuviongoza, na kwamba unatarajiwa darasani shule zikifunguliwa Januari. Hapo unaulizwa swali lao kubwa, "utarudi?", na jibu linatoka kwa mtu mwingine asiyekuwa wewe. Tarehe za kozi yako zimekaa ndani ya likizo yetu ndefu kama mkono ndani ya glavu, mwenye shule alitaje hilo. Weka pia cheti cha usajili wako wa TSC, ile tume ya walimu, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. (Walimu walioajiriwa na TSC yenyewe mnaosoma hapa, ninyi mnahitaji na ruhusa ya mwajiri wenu, na hiyo huchukua siku. Msiiache mwisho.)

Bima ya safari isipungue euro 30,000, iwe ya matibabu, kulazwa na kurudishwa nyumbani, na ifunike siku zako zote 46. Tiketi fanya buking, usilipe yote kabla ya viza.

Maombi yanaruhusiwa kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Kwa kawaida huamua ndani ya siku 15, lakini wana haki ya kufika 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Wewe hesabu kwa 45: faili liwe Nairobi katikati ya Septemba, kama pasipoti mpya itakuwa imetoka. Ikichelewa, usikate tamaa hadi Oktoba iingie. Miadi tafuta mapema, na ukipanda basi la usiku fika siku moja kabla. Kutoa alama za vidole ukiwa na macho ya safari si haramu, ila utajibu maswali vibaya.

Wasomaji wengine msilibebe jibu hili mkalipeleka London. Kila nchi ina mlango wake. Uingereza, kozi ya hadi miezi 6 kwenye chuo kilichoidhinishwa huingia ndani ya viza yao ya kawaida ya matembezi, na ile yenye jina la masomo ya muda mfupi, ambayo wengi huirukia kwa sababu ya jina, ni ya kozi za lugha ya Kiingereza tu za kati ya miezi 6 na 11. Kanada, kozi ya miezi 6 au chini haihitaji kibali cha masomo, lakini viza ya kuingilia Mkenya anaihitaji. Marekani ni kinyume kabisa: viza ya matembezi hairuhusu masomo yanayohesabiwa kuelekea digrii au alama za chuo, na kozi ya kutwa inataka viza ya wanafunzi, na ada yake, na karatasi maalumu kutoka chuoni. Kwa hiyo mtu aliyekwenda Marekani asimshauri wa Italia, na wa Italia asimshauri wa Marekani.

Ukishapata viza, jambo moja la njiani. Kama ndege yako inakwenda Addis Ababa kisha Roma moja kwa moja, utapita mpaka wa Italia na usajili wa hapo unatosha. Kama unapitia Frankfurt au Amsterdam, mpaka wa Schengen umeuvuka huko, na Italia hawana habari kwamba umefika. Basi ndani ya siku 8 nenda kituo cha polisi kinachoitwa *Questura*, ujaze tamko la kuwapo nchini. Kozi yako haivuki miezi mitatu, kwa hiyo kibali cha kukaa huhitaji, ila hilo tamko ndilo badala yake. Barua ya chuo, bima, barua ya malazi na tiketi ya kurudi uziweke kwenye mkoba wa mkononi. Nimeona mtu amezitia kwenye sanduku lililopita chini, amesimama mbele ya askari hana hata karatasi moja.

Mtandio usivue. Wanaruhusu kichwa kufunikwa kwa sababu ya dini, wanachotaka ni uso wote uonekane, kuanzia kidevuni hadi juu ya paji, bila kivuli cha kitambaa. Picha ni milimita 35 kwa 45, nyuma pawe peupe, kwa hiyo siku hiyo usivae mtandio mweupe, kichwa kitapotea.

Na siku utakapokwenda Mombasa kwa ajili ya pasipoti, pitia Kongowea kwenye mitumba utafute koti zito la kweli, lenye kufika magotini. Hapa Malindi hulipati, na Desemba ya huko si ya kuvaa sweta ya kwenda madrasa.

Somo